Bakshishi ufukweni: mkononi, kwenye sanduku, kwa simu au kwenye bili?

Shangazi yangu alisafisha vyumba vya hoteli Jambiani, Unguja, kwa miaka tisa. Chini ya kitanda chake lilikaa kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu za yuro, za moja moja na za mbili mbili, alizoachiwa na wageni juu ya mto. Ukizihesabu kwa shilingi zilikuwa pesa nzuri kwa mtu wa mshahara wake. Tatizo ni kwamba maduka ya kubadilisha fedha hununua noti, hayanunui sarafu. Basi kila akimpata mgeni anayemwona muungwana, humwomba kwa haya apokee sarafu za yuro kumi ampe noti ya yuro kumi. Baadhi walikubali. Wengine walidhani anawauzia kitu, wakapita.

Wageni wale walitoa kwa moyo safi, lakini pesa yao haikufika. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za bakshishi ya Unguja au ya Diani, pwani ya Kenya, na karibu wote huanza na "nitoe kiasi gani?", mimi humrudisha nyuma hatua moja. Kabla ya kiasi, jiulize itamfikia nani, na ikimfikia ataweza kuitumia? Njia za kutoa ni nne: mkononi, kwenye sanduku la mapokezi, kwa simu, na kwenye bili. Kila moja ina watu inaowafikia na watu inaowaruka. Nitazilinganisha kwa ajili ya msafiri wetu sisi, mtu wa Dodoma, Nairobi au Kampala anayekwenda kupumzika pwani, na pia mtoto wa Unguja anayerudi likizo kutoka Muscat au London akiwa na pesa za kigeni mfukoni.

Ujira, bakshishi na chai

Kwanza tusichanganye mambo matatu. Ujira ni deni. Ukipatana na nahodha akupeleke kisiwa cha Mnemba kwa bei fulani, bei hiyo utailipa hata kama bahari ilichafuka na hukuona samaki hata mmoja. Bakshishi huja baada ya ujira, kwa hiari yako, kwa kuwa mtu amekutumikia vizuri. Neno lenyewe tumelipata kwa Waajemi, na watu wa pwani walikuwa nalo kabla ya hoteli yoyote ya kitalii: hata muuza duka anapomwongezea kitu mteja wake mzuri, hiyo nayo ni bakshishi. Anayebana bei hadi mwenye chombo akabaki na ya mafuta tu, kisha akamrudishia elfu tano kwa mbwembwe, hakutoa bakshishi. Amerudisha sehemu ya ujira aliouchukua.

Chai ni jambo jingine kabisa. Afisa wa uhamiaji, mtu wa forodha, askari aliyekusimamisha njia ya Nungwi, hao hawapewi bakshishi, hata wakikuchekea na kukuuliza kama hamna hata maji ya kunywa kwenye gari. Kumpa mtumishi wa umma pesa ili akufanyie kazi anayolipwa kuifanya ni rushwa, na ndiyo sababu kuna vyombo vya kupambana nayo: Zanzibar ina ZAECA, Bara ina TAKUKURU na Kenya ina EACC. Bakshishi hutolewa kazi ikishakwisha, na anayeipokea ni mtu ambaye angekuhudumia vilevile bila hiyo.

Mkononi

Hakuna njia inayofika upesi kuliko hii. Hakuna mtu wa katikati, hakuna makato, hakuna kusubiri mwisho wa mwezi. Mtu aliyepokea elfu tano saa nane mchana jioni ile ile ameshanunua unga na mboga.

Kasoro yake ni kwamba inamfikia anayeonekana tu. Weta aliyekuletea pweza wa nazi hakumpika. Taulo zako zimefuliwa na dobi ambaye hutamwona siku zote saba. Ufukwe wa Paje unaoupiga picha saa mbili asubuhi ukiwa mweupe, kuna mtu aliamka alfajiri akaukwangua mwani ulioletwa na maji. Mlinzi wa usiku ameondoka kabla hujaamka. Ukitoa mkononi tu, mwisho wa wiki utakuwa umempa mtu yule yule mara sita, na wale wanne hawajapata kitu.

Kwenye chumba kuna mambo mawili ambayo wageni wengi hawayajui, na shangazi aliyarudia kila alipozungumzia kazi yake. La kwanza, noti iliyoachwa mezani bila maelezo haiguswi. Msafishaji anayechukua pesa iliyolala ndani ya chumba cha mgeni anaweza kushitakiwa kuwa ni mwizi, na neno lake halitakuwa na uzito mbele ya la mgeni. Kwa hiyo ataifuta meza na kuirudisha noti palepale. Andika karatasi: "Ya msafishaji, ahsante", uiweke pamoja na pesa juu ya mto. La pili, usingoje siku ya mwisho. Wafanyakazi wana zamu na siku za mapumziko. Aliyekutandikia kitanda tangu Jumatatu huenda Ijumaa hayupo, na furushi lote la bakshishi yako likaangukia kwa mtu aliyeingia chumbani mwako mara moja. Toa kidogo kidogo kila siku, au kila siku mbili.

Namna ya kutoa nayo ina uzito wake. Mkono uwe wa kulia. Noti ikunjwe, isipeperushwe mbele ya watu. Unguja hasa, kumpa mtu pesa hadharani kwa sauti ni kumwaibisha, hata kama nia yako ni kumsifu. Kwa kijana unasema tu, "Kaka, pole na kazi, chukua ya soda." Kwa mtu aliyekuzidi umri, salamu itangulie: "Shikamoo mzee. Tumepumzika vizuri kwenu, hii ya mboga." Atakuitikia marahaba kwanza, kisha ndiyo atapokea. Sisi wenyeji wa lugha hii hatuna kisingizio cha kumtupia mtu noti kama tunalipa maegesho. Huo ndio upungufu niliouona kwa wageni wengi wa kutoka miji yetu mikubwa, kuliko hata ubahili.

Sanduku la mapokezi

Hoteli nyingi za pwani huweka kisanduku cha mbao pembeni ya mapokezi. Kinachoingia humo hugawanywa kwa wafanyakazi wote, kuanzia jikoni hadi bustanini. Kwa fikra, hii ndiyo njia ya haki kuliko zote, kwa sababu inawafikia dobi, mpishi na mkwangua mwani. Ukikaa wiki nzima kwenye hoteli ya kila kitu ndani, ambako umevaa ukanda mkononi na umehudumiwa na watu thelathini usiowajua majina, huwezi kumtafuta kila mmoja. Sanduku linakufanyia kazi hiyo.

Lakini sanduku ni sawa na aliyeshika ufunguo wake. Katika hoteli moja ambayo shangazi alifanya kazi, kwa miaka miwili sanduku lilifunguliwa ofisini mlango umefungwa, na wafanyakazi walitajiwa kiasi tu. Walipoomba awepo mtu mmoja kutoka kila idara siku ya kulifungua, na mgao ubandikwe ukutani kwenye chumba chao cha kulia chakula, fungu la kila mmoja likapanda karibu mara mbili. Wageni hawakuwa wameongezeka. Hakuna aliyeshitakiwa, na mimi simtuhumu mtu hapa, lakini tangu siku ile sitii pesa kwenye sanduku kabla sijauliza.

Swali lenyewe ni jepesi, na liulizwe kwa weta au kwa mtu wa bustani, si kwa meneja: "Sanduku lile hufunguliwa lini, na nani huwapo?" Akijibu pale pale, kwamba ni tarehe fulani, na fulani wa jikoni huwapo, weka pesa yako kwa amani. Akigeuka kutazama mapokezi kabla ya kujibu, toa mkononi.

Baharini hakuna sanduku, ila ugawaji wake ni wa zamani kuliko hoteli. Wavuvi wetu wamezoea mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, kisha nahodha na mabaharia. Kwa hiyo mkirudi kutoka Mnemba, au kutoka Kisite kule Shimoni, mpe nahodha bakshishi mbele ya vijana wake na useme kwa sauti ya kusikika: "Hii ni yenu nyote." Hapo utaratibu wa mgao unajiendesha wenyewe. Ukimpa mwongozaji pembeni, aliyevuta nanga na aliyeshika ngazi ulipopanda kutoka majini hawatajua hata kwamba ulitoa. Hii ndiyo sehemu pekee ambapo nashauri utoe ukionekana.

Kwa simu

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikafuata 2008, na leo hata muuza madafu wa Diani ana namba ya kupokelea pesa. Kwa Mkenya aliye Diani, simu ni njia nzuri sana: huna haja ya kubeba noti ndogo, na pesa inaingia papo hapo. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure.

Mtego upo kwenye aina ya namba. Namba ya till iliyobandikwa juu ya kaunta ni ya biashara. Ukilipa bili ya 1,850 ukaandika 2,000 na kumwambia dada "inayobaki ni yako", ile 150 imekwenda kwenye akaunti ya mwenye hoteli pamoja na bili. Dada atakuchekea na kushukuru, kwa sababu hataki kukuaibisha, lakini hana alichopata. Tanzania ni hivyo hivyo kwa Lipa Namba. Lipa bili peke yake, kisha uliza, "Namba yako mwenyewe ni ipi?"

Halafu kuna makato. Kenya, anayetoa shilingi 500 kwa wakala hukatwa 29. Ndiyo maana watu wetu husema "tuma na ya kutolea". Ongeza kidogo juu ili kilichokusudiwa kifike kizima. Kwa kiasi kidogo sana, noti ya 100 mkononi ina thamani kubwa kuliko 100 ya simu ambayo mtu akienda kuitoa inapungua.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya makato. Mhudumu wa kike akimpa mgeni wa kiume namba yake ya simu, amempa njia ya kumpigia saa tano usiku. Nimesikia malalamiko haya kutoka kwa wahudumu wa pwani zote mbili, na baadhi ya mameneja wamekataza kabisa kutoa namba kwa sababu hiyo. Ikiwa wewe ni mwanamume na aliyekuhudumia ni dada, usimwombe namba hata kwa nia njema. Mpe noti, au muulize kama wana namba ya pamoja ya wahudumu.

Mkenya anayevuka kwenda Unguja, na Mtanzania anayekwenda Diani, asitegemee simu ya nyumbani kwa bakshishi. Badilisha pesa, beba noti.

Kwenye bili

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa sioni mengi ya kusifu. Bili ya hoteli ya Kenya huonyesha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Watu wengi huiona ile 2 wakadhani ndiyo ya wahudumu. Siyo. Ni tozo ya kisheria inayokwenda kwenye Mfuko wa Utalii, na ndiyo iliyokuwa ikigharimia Chuo cha Utalii cha Kenya kilichofunguliwa 1975. Ni kazi njema, lakini weta wako haioni jioni hii. Zanzibar nako, kodi ya miundombinu inayodaiwa kwa kila usiku unaolala haina uhusiano wowote na wafanyakazi.

Ikiwa bili ina mstari wa "huduma", uliza kama unagawiwa wafanyakazi. Ukijibiwa ndiyo, huna deni la nyongeza, na ukiongeza kidogo kwa aliyekuhudumia ni hisani yako. Bakshishi ya kwenye kadi ya benki inaingia akaunti ya hoteli, na safari yake kutoka pale hadi mfukoni mwa mtu ni ndefu, tena pengine haifiki. Itumie pale tu ambapo huna noti hata moja na umehakikishiwa kuwa inalipwa pamoja na mshahara.

Shilingi au dola

Kwa Unguja, shilingi. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kuweka bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Sababu ya pili ndiyo inayomgusa mfanyakazi. Noti ya dola moja au tano hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ya hamsini au mia, na iliyochakaa, iliyochanika au ya miaka mingi hukataliwa. Mtu anayeishi Jambiani, nauli ya daladala kwenda na kurudi mjini inaimeza dola yako moja, kwa hiyo ataiweka hadi apate nyingine za kuifuatisha. Umempa pesa, lakini umempa na kazi.

Sarafu za kigeni usizitoe kabisa, ziwe yuro, pauni au baisa za Omani. Kopo la shangazi lilikuja kumalizika binamu yangu anayeishi Ujerumani alipokuja nyumbani kwa Idi. Alizihesabu zote sakafuni, akampa noti, akarudi nazo kwenye begi. Wafanyakazi wengi hawana binamu wa namna hiyo.

Anayetoka nje na dola au pauni, abadilishe kiasi siku ya kwanza, Mji Mkongwe au Ukunda, na aombe noti ndogo.

Unguja na Diani zikiwekwa bega kwa bega

Tofauti ya kwanza utaiona kabla hujafika hotelini. Ukishuka boti bandari ya Malindi, Unguja, mahamali watalishika begi lako kabla hujatia mguu nchi kavu. Hapo hakuna bakshishi, hapo kuna ujira: patana bei kabla begi halijanyanyuka, kisha lipa mlichopatana. Papasi, yule dalali wa wageni, atakayekufuata nje ya geti akikuonyesha hoteli ambayo tayari unaijua hana anachokudai. Sema "ahsante, napajua", uendelee na njia yako. Diani, anayetoka Mombasa kwa kivuko cha Likoni akitembea kwa miguu halipi kitu, na bichi boi watakukuta ufukweni wenyewe. Wengi ni watu wa maongezi mazuri, na baadhi ni waongozaji hasa wa miamba maji yakitoka. Akikutembeza saa nzima akakuonyesha viumbe vya kwenye vidimbwi, amefanya kazi. Tatizo ni kuacha atembee nawe bila kutaja bei, kisha mkagombana mwisho. Muulize mapema, "Hii matembezi ni shilingi ngapi?"

Diani watu huzungumza pesa waziwazi zaidi. Weta anaweza kukwambia kwa tabasamu kwamba bili haina huduma ndani yake. Unguja hutasikia hivyo mara nyingi, na kunyamaza kwao wageni hukutafsiri vibaya, wakadhani mtu hana haja. Haja anayo. Adabu ya pale ni kutoomba.

Kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, bakshishi huja kwa mafungu. Kuna mwongozaji anayekunusisha karafuu na mdalasini, kuna kijana anayekusukia kofia na tai ya majani ya mnazi, na kuna mkwezi anayepanda mnazi huku akiimba. Wageni wengi humpa mwongozaji peke yake kwa kuwa ndiye aliyesema maneno. Mimi huweka elfu mbili mbili za kijana wa kofia na za mkwezi kwenye mfuko wa pembeni tangu asubuhi, ili nisije nikabaki na noti ya elfu kumi na watu watatu. Watoto usiwape pesa, si shambani wala ufukweni. Anayepata elfu moja kwa kumfuata mtalii atajifunza kwamba njia ya shule haina elfu moja.

Ramadhani nayo ina hesabu yake Unguja. Anayekuletea chakula cha mchana amefunga. Bakshishi ya mwezi ule itoe kabla ya alasiri, ili mtu apitie sokoni akitoka kazini na kupata kitu cha futari. Siku ya Idi wenyeji hupeana mkono wa Idi, na ukiwa hotelini siku ile, kumpa mhudumu noti mpya huku ukimwambia "Idi Mubarak" kunapokewa kwa furaha ambayo huioni siku nyingine.

Na masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa za upande wa mashariki hufunga. Zilizobaki wazi hupunguza watu, na unayemwona akikubebea begi ndiye yule yule atakayekupikia mayai. Bei ya chumba imeshuka, kwa hiyo ulichookoa, sehemu yake ndogo iende kwake.

Kiasi

Hivi ni viwango vyangu mwenyewe, vya mtu wa kipato cha kawaida anayesafiri na familia. Si sheria.

| Kazi | Unguja (TSh) | Diani (KSh) |
|---|---|---|
| Mbeba mizigo wa hotelini | 2,000 hadi 3,000 | 100 |
| Usafi wa chumba, kwa siku | 3,000 hadi 5,000 | 150 hadi 200 |
| Weta | 5 hadi 10% ya bili | 5 hadi 10% ya bili |
| Mwongozaji wa nusu siku | 15,000 hadi 25,000 | 1,000 |
| Nahodha na mabaharia, kwa pamoja | 20,000 hadi 30,000 | 1,000 hadi 1,500 |

Mwanafunzi, au wanandoa waliojibana mwaka mzima ili waone bahari, wagawanye kwa mbili na wasione haya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na msafisha chumba anaijua elfu moja iliyotoka kwa mtu asiyekuwa nacho.

Huwa naulizwa, "Mimi ni Mswahili mwenzao, kwa nini nitoe kama mzungu?" Malalamiko yaliyo nyuma ya swali hili nayaelewa. Yapo maeneo ambako mgeni mweusi anakaa dakika ishirini kabla ya kuletewa menyu, huku meza ya pili imeshahudumiwa. Hilo ni kosa, na ukikutana nalo mwite meneja, useme bila kuficha. Ila mpishi na dobi hawakukuona wala hawakuchagua nani ahudumiwe kwanza, na kazi yao kwako ilikuwa ile ile. Huduma ikiwa mbaya, mnyime aliyeifanya. Usiwanyime wote kwa sababu wewe si mzungu.

Ningechagua hivi

Ukilala siku mbili tatu kwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani au Matemwe, ambako watu wote wa kazi ni wanne na umeshawajua majina, toa mkononi kwa kila mmoja na usahau mengine. Ukiwa wiki nzima kwenye hoteli kubwa ya kila kitu ndani, Nungwi au Kiwengwa, gawanya: nusu kwenye sanduku ukishauliza habari zake, nusu mkononi kwa msafishaji wako na weta uliyemzoea. Siku ya kuingia omba mapokezi wakuvunjie noti, kwa sababu kwenye hoteli za namna hiyo hutagusa pesa tena na utajikuta mlangoni siku ya kuondoka huna hata elfu mbili. Kundi la marafiki walioko Diani wakusanye kwa simu, mmoja wao atoe keshi kwa wakala pale Ukunda, kisha igawanywe kwa noti. Inaokoa makato ya watu wengi na namba za dada hazizunguki.

Ikiwa sanduku huliamini na dobi humwoni, bahasha inatosha. Andika juu yake "Dobi na jikoni", mpe msafishaji wa chumba chako mbele ya mwenzake mmoja, umwombe awafikishie. Shangazi alipelekewa bahasha za namna hiyo mara nyingi, na alizipeleka jikoni bado zimefungwa, ili wazifungue wenyewe.